Kichwa Kinavyoingia Mkononi: Kwa Nini Gofu ya Mazoezini Haifanani na ya Mashindano

Nenda klabu yoyote ya gofu Jumamosi jioni, Muthaiga kule Nairobi au Lugalo jijini Dar es Salaam, utakuta malalamiko ni yale yale. Mtu alipiga mipira mazoezini asubuhi ikanyooka vizuri. Akaitwa jina, akasimama kwenye tii ya kwanza, pale shimo linapoanzia, wenzake wakamtazama, mpira ukakata kulia ukaingia mitini. Kuanzia hapo siku ikaharibika. Wenzake humwambia, "Ni kichwa tu hicho," naye hukubali, hurudi nyumbani, na Jumamosi inayofuata huja na kichwa kile kile.

Wenzake hawajakosea, ila hawajamsaidia kitu, kwa sababu hawajamwambia kichwa kimeingia mkononi kwa mlango gani. Wengi wetu tunaichukulia akili na ufundi kama mambo mawili: mwalimu ashughulikie swingi, yaani namna fimbo inavyozungushwa, na moyo tujikaze wenyewe. Mimi naamini kabisa ni jambo moja. Hofu haiharibu mkwaju kwa uchawi. Inaharibu kwa njia chache zinazoonekana kwa macho, na nyingi zimeshapita kabla fimbo haijaanza kurudi nyuma.

Fikiria muda kwanza. Raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne hivi. Anayepiga mikwaju 90, hata tukimhesabia sekunde mbili kwa kila mkwaju, anacheza kwa dakika tatu tu. Saa tatu na dakika 57 zilizobaki anatembea, anasubiri na kuwaza. Ni michezo michache inayompa mtu nafasi kubwa namna hiyo ya kujiharibia.

Hofu na uso wa fimbo

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuhisi kosa ndani ya muda huo na kulirekebisha. Mpira unaondoka na kile ulichopewa.

Nao hupewa vitu viwili. Mwelekeo wa kuanzia unatokana zaidi na uso wa fimbo: ulikuwa unatazama wapi wakati wa kugonga. Kujipinda hewani kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, uso ukitazama kulia kuliko njia ya fimbo, mpira utajipinda kulia. Zamani walimu wengi walifundisha kinyume chake, kwamba njia ndiyo inayoanzisha mpira na uso ndio unaoamua utaishia wapi. Mitambo ya rada ya kupima mpira unavyoruka ndiyo iliyomaliza ubishi huo, lakini bado utamsikia mzee mwenye nia njema klabuni akifundisha ya zamani.

Sasa mtazame mchezaji mwenye wasiwasi kwenye tii ya kwanza. Vidole vinakaza. Mkazo unapanda kwenye mikono hadi mabegani. Fimbo inarudi nyuma nusu ya kawaida yake, kisha inashushwa kwa haraka. Mikono iliyokaza haizunguki vizuri inapofika kwenye mpira, kwa hiyo uso unachelewa kufunga na unabaki wazi. Mpira unakwenda kulia. Hapo hofu imeshafanya kazi yake, na imeifanya kupitia vidole.

Balaa kubwa linaanza kwenye shimo la pili. Mchezaji ameona mpira ukikimbilia kulia, basi anajielekeza kushoto: miguu kushoto, mabega kushoto. Ni wazo la busara machoni pake. Lakini fimbo hufuata mabega, kwa hiyo njia nayo sasa inakwenda kushoto, ilhali mikono inajitahidi kuuacha uso utazame bendera. Pengo kati ya uso na njia limeongezeka, na mpira unajipinda kulia zaidi ya mwanzo. Shimo la tatu anajielekeza kushoto zaidi. Likifika la tano anaelekea kwenye uwanja wa shimo la jirani, mpira unazunguka kama ndizi, na anaamini swingi yake imepotea usiku mmoja. Swingi haijapotea. Alichokifanya ni kuongeza dawa ya ugonjwa asionao juu ya ugonjwa alio nao.

Kinga yake haihitaji ushujaa. Kwanza ni mshiko: ukiipa nguvu yako yote ya kushika namba 10, fimbo ishikwe kwa 4. Uangalie mkazo huo kila unaposimama juu ya mpira, maana hupanda bila wewe kujua. Toa pumzi ndefu kabla ya kuanza. Mabega hushuka yenyewe. Pili, usibadili mwelekeo wa mabega katikati ya raundi. Mpira ukikata kulia mara mbili, rudi kwenye mshiko, hakikisha mabega yako sambamba na lengo, na umalizie swingi. Kazi ya kutengeneza swingi isubiri Jumatatu.

Kuwaza viungo vya mwili

Kuna ushahidi mzuri kuhusu jambo hili, na ningependa kila anayejifunza gofu kwa video za mtandaoni aufahamu. Mwaka 1992 mtafiti Rich Masters alifundisha watu wasiojua gofu kusukuma mpira shimoni. Baadhi walipewa maelekezo ya kina ya ufundi. Wengine walijifunza huku wakitaja herufi ovyo ovyo kwa sauti, ili akili isipate nafasi ya kujitungia kanuni. Baadaye akawawekea wote shinikizo, pesa ikiwemo. Waliojaa maelekezo ndio waliotetereka. Waliojifunza bila kanuni nyingi waliendelea kupanda. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha wanaoanza mikwaju mifupi ya kuinua mpira. Walioambiwa wazingatie fimbo inavyobembea walikuwa sahihi kuliko walioambiwa waangalie mikono yao inavyokwenda.

Maana yake ni kwamba mwili ulioshajifunza jambo huvurugika ukisimamiwa kiungo kwa kiungo. Kiwiko kiwe hapa, goti lisiende pale, nyonga ianze: kila agizo ni la kweli mbele ya mwalimu, na kila moja ni sumu kwenye tii ya shimo la 18. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotafuta ushauri mpya kila wiki. Mchezaji wa handikapu 18, yaani anayezidisha takriban mikwaju 18 kwa raundi, anahitaji mwalimu mmoja na jambo moja la kufanyia kazi kwa miezi, tena mazoezini. Uwanjani awaze kitu kilicho nje ya mwili wake: tawi la mti kule mbele, sauti ya fimbo ikifagia majani, mahali mpira utakapodondokea.

Makosa ya uamuzi yanayovaa sura ya makosa ya swingi

Hapa ndipo naona tunapoteza mikwaju mingi kuliko kwingine kote, tena bila kujua.

Chukua hali yetu ya Afrika Mashariki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi kwa kadiri ya asilimia 6 au zaidi kidogo. Mtu anayepeleka chuma namba 8 (fimbo za chuma, namba ikipungua mpira huenda mbali zaidi) yadi 150 pale Karen anashuka Mombasa kwa likizo, anachukua chuma kile kile, na mpira unadondoka yadi kumi nyuma ya alipotarajia. Mara ya kwanza anasema hakugonga vizuri. Mara ya pili anaongeza nguvu. Nguvu inaleta mkazo, mkazo unafungua uso, na kufikia shimo la sita amepoteza mdundo wake wote kwa sababu ya hesabu ambayo angeifanya kwenye gari akiwa bado Mtito Andei. Mchezaji wa Arusha akishuka Dar hukutana na jambo lile lile.

Kedi wa pwani, yule mbeba fimbo, analiona hili kila wikiendi ya sikukuu. Shimo fupi linalotazama bahari, yadi 150 hadi grini, yale majani yaliyokatwa chini kabisa kuzunguka shimo, mgeni anaomba namba nane.

"Bosi, hapa nane haifiki. Kusi inakuja usoni. Chukua sita, piga taratibu, mpira utue katikati ya grini."

"Lakini shimo si liko kushoto?"

"Liko kushoto. Na mchanga uko kushoto."

Sentensi hizo mbili za mwisho zina thamani kubwa. Mchezaji wa kawaida akipiga mipira kumi kwa chuma kimoja, itatawanyika kwenye eneo pana. Baadhi itaangukia kulia, baadhi kushoto, mingi itapungua. Akilenga bendera iliyobanwa na mchanga, nusu ya makosa yake ya kawaida yanaishia mchangani. Akilenga katikati ya grini, makosa yale yale yanabaki kwenye majani mafupi. Swingi haijabadilika hata kidogo, kadi imebadilika.

Takwimu za ligi ya kulipwa ya Marekani, ambazo Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alizichambua kwa miaka mingi, zinaonyesha kwamba hata wale mabingwa, wakiwa yadi 150 kwenye majani mafupi, kwa wastani huuacha mpira zaidi ya futi 20 kutoka shimoni. Mchezaji wetu wa Jumamosi akiuacha futi 40 hukunja uso na kutupa maneno. Hasira hiyo imetokana na matarajio ambayo hata bora wa dunia hawayafikii, na hasira ikishaingia inakwenda kukaa kwenye mshiko.

Majani pia yanadai uamuzi. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu na leo zimefika mpaka uwanja wa Riviera kule Los Angeles, huuinua mpira vizuri ukiwa kwenye njia ya kati. Pembeni ya grini ni adui: zinashika kichwa cha fimbo na kukizungusha. Mwenye woga wa mkwaju ule hupunguza mwendo karibu na mpira, na fimbo inakwama kabisa. Afadhali mtu aamue mapema kupiga mbali kidogo kuliko shimo na kumalizia mkwaju wake, kuliko kutaka kuuweka karibu kwa mkono unaositasita.

Mfano mkubwa wa haya ni wa mwaka 1999 huko Carnoustie, Scotland. Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la The Open, mashindano makuu ya Uingereza, akiwa na akiba ya mikwaju mitatu. Shimo lile ni la mikwaju minne. Sita ingempa ubingwa. Akatoa fimbo ndefu kuliko zote, mpira ukaenda mbali kulia. Bado alikuwa salama. Angeweza kuurudisha mpira taratibu kwenye njia ya kati na kuvuka kijito kwa mkwaju wa tatu. Akachagua chuma namba 2 kuelekea grini. Mpira ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi kwenye majani marefu, unaofuata ukatumbukia kijitoni, kisha mwingine mchangani. Alimaliza kwa saba, akafungana na wengine, na kwenye mchujo ubingwa ukachukuliwa na Paul Lawrie. Watu husema alivunjika moyo. Mimi nikiyafuata yaliyotokea naona moyo wake ulikuwa mzima, tena jasiri. Kilichomwangusha ni uamuzi alioufanya akiwa bado na njia rahisi. Na ile saba yenyewe aliipata kwa kusukuma mpira wa mwisho ukaingia, jambo ambalo mtu aliyevunjika moyo haliwezi.

Kwenye grini

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, duniani kote. Ukiwa mita tatu kutoka shimoni, uso wa fimbo ukikosea kwa nyuzi moja tu, mpira unaokwenda pale uso ulipotazama utapita zaidi ya sentimita tano pembeni ya katikati, yaani ukingoni kabisa mwa shimo. Nyuzi mbili, umekosa. Ndiyo maana kwenye takwimu zile za ligi ya kulipwa, kutoka futi nane wanaingiza karibu nusu tu, na kutoka futi ishirini ni takriban mara moja kati ya saba. Mtu wa handikapu 20 anayejilaumu kwa kukosa futi nane anajilaumu kwa jambo ambalo bingwa hulikosa siku zote.

Hofu kwenye grini ina tabia yake. Kwenye futi tatu mchezaji huwahi kuinua kichwa atazame kama mpira umeingia. Kichwa kikiinuka bega linafunguka, na uso unafuata bega. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary amechunguza macho ya wachezaji kwa miaka mingi, na alichokiona ni rahisi kukiiga: wanaosukuma vizuri hutuliza macho kwenye sehemu moja ya upande wa nyuma wa mpira kabla ya kupiga, na huyaacha macho palepale kwa kitambo kifupi baada ya mpira kuondoka. Jaribu kusikia mpira wa futi tatu ukidondoka badala ya kuuona. Kwa mikwaju mirefu sahau mstari mwembamba, shughulika na mwendo. Kwa wachezaji wengi, kusukuma mara tatu kunatokana na mpira uliopungua sana au kuzidi sana, mara chache na mwelekeo.

Kuna wengine tatizo lao ni zito zaidi, mikono hushtuka yenyewe. Wazungumzaji wa Kiingereza huuita yipsi. Mjerumani Bernhard Langer aliugua hali hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1991 huko Kiawah Island alikosa mkwaju wa futi sita hivi ambao ungeiwezesha Ulaya kubaki na Kombe la Ryder, linaloshindaniwa na Ulaya na Marekani, dunia nzima ikitazama. Wiki iliyofuata alishinda mashindano nchini kwake, na mwaka 1993 akavaa koti la kijani la bingwa wa Masters, mashindano makuu ya Augusta huko Marekani, kwa mara ya pili. Langer hakujiambia tu awe jasiri. Alibadilisha namna ya kushika, akabadilisha tena, mpaka akapata mshiko ambao mkono wenye mtetemo haukuwa na nafasi ya kuamuru. Tatizo lilionekana la akili, na dawa ikapitia ufundi.

Hatua baada ya mkwaju mbaya

Wengi hudhani mchezaji mwenye akili imara hapigi mikwaju mibaya siku ya fainali. Rory McIlroy alianza siku ya mwisho ya Masters 2011 akiongoza kwa mikwaju minne, akapiga 80. Mwaka 2025, siku ya mwisho pale pale Augusta, alianza kwa kuzidisha mikwaju miwili kwenye shimo la kwanza tu. Shimo la 13, akiwa na weji, fimbo fupi ya kuinua mpira, mkononi na nafasi tele kushoto, aliupeleka mpira majini. Shimo la 18 alikosa futi tano hivi ambazo zingempa ubingwa hapo hapo. Akaenda mchujo na Justin Rose, akasimama tena kwenye tii ile ile ya 18, akauweka mkwaju wake wa pili karibu kabisa na shimo na kushinda. Kilichotofautisha siku hizo mbili si idadi ya makosa. Mwaka 2025 kila kosa lilibaki kwenye shimo lake.

Kwa mchezaji wa klabu, hilo linafanyika kwa miguu. Mkwaju ukiharibika, kasirika mpaka fimbo irudi kwenye begi. Kutoka hapo mpaka kwenye mpira, ongea na kedi kuhusu lolote, kunywa maji, tazama mbali. Kazi ianze tena ukifika mpirani: simama nyuma ya mpira, taja fimbo na lengo kwa sauti ndogo, chagua jani au kovu la udongo hatua moja mbele ya mpira kwenye mstari wako, toa pumzi, jaribu swingi mara moja, ingia, tazama lengo mara moja, piga. Sheria zinahimiza mkwaju usizidi sekunde 40, na utaratibu huu hauzifikii. Ukisimama juu ya mpira ukajikuta bado unajiuliza sita au saba, toka. Kutoka si aibu.

Na utaratibu huo uzoewe mazoezini, maana mazoezi yetu mengi hayafanani na mchezo. Kumwaga mipira hamsini na kuipiga yote kwa chuma kimoja huleta raha ya haraka, kwa sababu kosa la mpira wa kwanza linarekebishwa kwa wa pili. Uwanjani hakuna wa pili. Tumia nusu ya kwanza ya mipira kwa ile kazi aliyokupa mwalimu. Nusu ya pili cheza mashimo ya klabu yako kichwani: fimbo ndefu ya tii, kisha chuma, kisha weji, kila mpira na lengo jipya na utaratibu mzima.

Siku ya mashindano, weka alama ndogo pembeni ya kadi kwa kila shimo ambalo mikwaju yote uliipiga ukiwa umeshaamua kabla ya kusimama juu ya mpira, hata kama mipira ilikwenda vibaya. Alama zikijaa na mpira bado unakata kulia, mpelekee mwalimu mshiko na uso wa fimbo, kwa sababu kichwa chako hakina neno. Zikikatika kila baada ya shimo baya, zoezi lako ni ile safari ya kutembea. Zikianza kupotea kuanzia shimo la 14, chukua ndizi na chupa ya pili ya maji ukifika la 10, kabla hujabadili chochote kwenye swingi. Kadi za raundi nne au tano zinatosha kuonyesha ni lipi kati ya hayo matatu.